Shimo la Matofali

Kwa miaka mingi naliwafundisha watoto wa Nkoma kwamba mbu wa malaria huzaliwa majini, na kila niliposema hivyo nalinyosha mkono kuelekea lambo la ng'ombe. Lambo ni kubwa, lina majani kandokando, na vyura hulia humo usiku kucha, nani asingelishuku? Walakini shimo nililolichimba mwenyewe nyuma ya nyumba yangu wakati wa kiangazi, ili nipate udongo wa kufyatulia matofali, sikulinyoshea mkono hata siku moja.

Mvua za kwetu, huku mkoa wa Simiyu, huanza mwezi wa Novemba. Mwaka ule zilinyesha kwa nguvu, shimo likajaa maji, nami nikafurahi, kwa kuwa tulipata maji ya kufulia karibu. Kabla ya Krismasi binti yangu akashikwa na homa, na baada ya siku mbili mtoto wa jirani akashikwa na degedege. Binti yangu alipelekwa zahanati siku ile ile, akapimwa damu, akapewa dawa, akapona. Mtoto wa jirani alicheleweshwa, kwa sababu wazee wa nyumba walidhani degedege ni kazi ya pepo, naye hakupona.

Baada ya matanga baba yake alikuja kwangu, akasimama ukingoni mwa shimo, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hawa wanaocheza humu ni nini?"

Nikainama. Walikuwa viluwiluwi wengi, wamelala bapa chini ya uso wa maji kama vijiti vidogo. Viluwiluwi wa mbu wengine huning'inia kichwa chini. Wanaolala bapa ni wa Anofelesi, wachukuzi wa malaria. Nikateka wachache katika chupa, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kujikunja kama alama ya mkato. Hata siku ya tatu nikaona mbu wawili wamesimama ndani ya chupa, mikia juu. Kwamba mbu hubeba vijidudu vya malaria, kama alivyogundua daktari Ronald Ross katika Bara Hindi mwaka 1897, nalikuwa nimekwisha kuandika ubaoni mara nyingi!

Tangu hapo huenda na wanafunzi kuwatafuta. Wakati wa mvua twawapata katika nyayo za ng'ombe, katika alama za magurudumu, na katika majaruba kabla mpunga haujafunika maji: maji madogo, mapya, yapigwayo na jua, yasiyo na samaki wa kuwala. Penye joto, tangu yai hata mbu mwenye mabawa ni siku kama kumi tu, na unyayo wa ng'ombe katika udongo wetu mweusi hushika maji muda huo, mvua ikirudiarudia. Kiangazi nyayo hukauka. Hapo ndipo lambo nililolisingizia huwa na kosa kweli, kwa maana penye majani na kivuli huzaliwa Anofelesi wa namna nyingine, asiyengojea mvua.

Shimo tulilifukia kwa siku mbili, mimi na yule jirani. Siwezi kusema kwamba mbu aliyemwuma mtoto wake alitoka humo, wala siwezi kusema kwamba hakutoka. Yeye hakuniuliza. Nyumba yangu ingali na ukuta mmoja wa udongo mtupu, kwa kuwa matofali hayakutosha.