Mti wa Baba, Soko la Mama

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Meru kwa njia ya Embu hupita katika nchi mbili za mmea mmoja. Wataalamu wanauita Catha edulis. Huko Mbeere, upande wa chini wa Embu, wenyeji wanauita muguka na hutafuna majani yake machanga. Katika milima ya Nyambene, ng'ambo ya mji wa Meru, jina ni miraa, na kitafunwacho ni ganda la vijiti pamoja na ncha zake laini. Pwani husema mairungi, Wasomali husema jaad, na vijana wa Nairobi wana majina yao ambayo hubadilika kila mwaka. Majina tuyaache. Swali lililonipeleka huko ni hili: katika biashara hii inayolisha maelfu ya jamaa, mwanamke amepewa nafasi gani?

Tuanze Mbeere. Ukiuacha mji wa Embu, wenye ubaridi wa Mlima Kenya na mashamba ya chai na kahawa, ukateremka kuelekea Siakago au Kiritiri, joto linakulaki njiani. Mvua ya huku haiaminiki, na mahindi mara nyingi hukauka kabla ya kubeba. Muguka huvumilia. Tena mkulima huukata ukabaki kichaka kifupi, hata mchumaji hufanya kazi akiwa amesimama wima, mikono yote miwili ikichuma. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililowafungulia wanawake mlango. Hakuna mti wa kukwea, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mama kwamba kazi hii si yake. Wanawake na vijana ndio utakaowakuta mashambani asubuhi na mapema, umande ungali juu ya majani.

Nyambene mambo ni tofauti kabisa. Kutoka Meru mjini hadi Maua ni mwendo wa kilomita 50 hivi, barabara ikipanda na kuteremka kupitia Kianjai na Kangeta. Miti ya miraa ya Igembe ni mirefu, na mingine ilipandwa na mababu wa mababu. Ile ya zamani sana huitwa mbaine na huheshimiwa kama mzee wa ukoo. Wanaoikwea ni wanaume na wavulana. Kwa mila, mwanamke hapandi mti wa miraa, na shamba lenyewe kwa kawaida hutoka kwa baba likaenda kwa mwana. Katiba ya mwaka 2010 inawapa mabinti haki sawa, lakini Katiba haijaenda kukaa na kila ukoo chini ya mti wake. Cha kuchekesha ni kwamba posa ya Kimeru hupelekwa na kitita cha miraa kilichofungwa vizuri. Msichana huombwa kwa mmea ambao haruhusiwi kuupanda!

Basi mama amefanya nini? Amekwenda sokoni. Baadhi huuza majani ya migomba ya kufungia miraa isinyauke, wengine huuza chai na chakula kwa wavunaji, na walio na mtaji hununua mzigo wakauza wenyewe. Ukishuka hadi Isiolo, au ukienda Eastleigh, Nairobi, utaona kwamba uuzaji wa rejareja umeshikwa sana na wanawake. Mama wa Kimeru, wa Kiborana na wa Kisomali hukaa kwenye meza zinazopakana, wakishindania wateja, na kila mmoja amejifunza maneno ya kutosha ya lugha ya mwenzake ili asidhulumiwe.

Biashara yenyewe haina huruma. Kemikali inayotafutwa na mtafunaji, kathinoni, huanza kupotea mara kijiti kinapokatwa, na baada ya siku mbili au tatu mzigo ni kuni tu. Ndiyo maana pikapu za miraa hukimbizwa ovyo hadi uwanja wa ndege wa Wilson, na ndiyo maana wapita njia hukaa mbali na barabara wanapozisikia. Muuza nguo akikosa wateja leo huwangoja kesho. Mama wa miraa akichukua mzigo kwa mkopo asubuhi na asiuze, jioni ana deni na takataka.

Tena wapo wanaoweza kumfungia soko kwa kalamu. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013, na Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, na biashara ikarudi Julai 2022 tu. Kisha pigo likatoka nyumbani. Mwezi Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita-Taveta zikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hizo, na Rais Ruto akasema hazina nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na sheria ya taifa.

Hapo ndipo penye ugumu, na sitajifanya siuoni. Mama wa Mbeere analipa karo ya shule kwa muguka. Mama wa Mombasa anasema mwanawe ameacha shule kwa sababu ya muguka huohuo, maana ni rahisi kuliko miraa na kijana hutafuna kutwa, asilale wala asile. Wote wawili wanasema kweli. Hata Igembe kwenyewe wavulana huacha masomo wakaenda kuvuna, kwa kuwa mti hulipa leo na cheti hulipa baadaye, kama kitalipa. Wanaotaka marufuku wangewaeleza kwanza akina mama wa Mbeere wapande nini kwenye ardhi ile kavu. Na wanaotetea zao wangekubali kwamba kumwuzia mtoto ni kosa, hata kama muuzaji ni mjane mwenye shida.

Bangi haimo katika hesabu hii. Hiyo ni haramu kisheria, ingawa mgombea mmoja wa urais mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah, aliinadi majukwaani. Uchaguzi huohuo uliwapa Embu na Meru magavana wanawake, Cecily Mbarire na Kawira Mwangaza. Wa Meru aliondolewa baadaye, na Mahakama Kuu ikakubali kuondolewa kwake Machi 2025. Yule wa Embu ndiye aliyeongoza utetezi wa muguka katika vita vya 2024.

Isiolo jua likianza kuteremka, malori ya kwenda Marsabit hupunguza mwendo, na wanawake huyakimbilia wakiwa wameinua vitita juu. Bei ya saa hiyo si ile ya asubuhi. Dereva anajua, na mama anajua kwamba dereva anajua.