Kizuri Chajiuza

Mwalimu mstaafu aliingia dukani na guni mkononi, salio la kiinua mgongo mfukoni. Alikusudia kumuundia mjukuu kitanda. Misumeno miwili ya umeme, ya kuteleza relini na kukata mshazari, ilimkabili, bei ikiwa moja. Mmoja ulimulika mbao kwa taa nyekundu. Wa pili haukuwa na pambo. Alikivuta kichwa cha ule wa kwanza hadi mwisho wa reli, akakitikisa, kikayumba. Cha wa pili kilitulia, na diski yake ikaafikiana na guni. Waama, fremu ya pembe nne ina mikato 8 ya digrii 45. Kosa la digrii 1 kila mkato huzaa digrii 8, na pengo hilo halifichiki kwa gundi. Mwalimu alilipia wa pili, akabakiwa na nauli. Mtoto halalii taa.