Kiwanda Kilipokosa Korosho

Wewe unayesoma haya huku hujui watoto watakula nini usiku, nakuandikia wewe. Nimepita hapo.

Nilikuwa mbanguaji korosho hapa Mtwara. Tulilipwa kwa kilo. Mafuta ya maganda huunguza ngozi, kwa hiyo tulijipaka majivu viganjani ndipo tushike kazi. Kazi ile ndiyo iliyosomesha wanangu tangu baba yao afariki.

Korosho hazikosekani Mtwara. Lakini nyingi huuzwa ghafi mnadani, zikapakiwa melini kwenda India na Vietnam, na kiwanda kidogo hakina ubavu wa kupandishana bei na wanunuzi hao. Mwaka ule ghala letu likawa tupu mapema. Msimamizi akatuita uani, akasoma majina. Langu lilikuwemo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo, si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumika. Tukaambiwa sisi vibarua, hatumo.

Niliuza vitenge. Kisha godoro. Masika yakaingia, mwanangu mdogo akashikwa homa.

Usiku ule! Mvua inanyesha. Mtoto anatetemeka. Ndani hakuna kitu. Hata unga. Nikamweka kifuani. Nikasema, Ya Rabi, nichukue mimi, muache huyu. Sikuwa na neno jingine.

Kulipokucha jirani alitusindikiza zahanati. Malaria. Nikaazima simu yake, nikampigia dada yangu Newala. Jioni alishuka kwenye basi na mfuko wa unga wa muhogo na pesa za mbuzi wake aliyemuuza asubuhi hiyo hiyo. Hakuniuliza lolote. Alikaa nasi mpaka mtoto akapona, alhamdulillahi.

Leo nabangua nyumbani. Shemeji hunibakizia korosho za shamba lake, nazikaanga, nauza stendi. Tunakula. Lakini msimu ukielekea ukingoni bado nashtuka usiku, naenda kupapasa gunia nijue limebaki kiasi gani.

Ndugu yangu, ukipunguzwa, wahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita; mimi nilikuja kuambiwa muda umeshakwisha. Na wa kwenu wapigie leo. Kama huna salio, azima simu.