Kebo Ngoja Kwanza, Panda Lion's Head

Wasee wakifika Cape Town (na siku hizi Mkenya haitaji visa, unapewa hadi siku 90) wote mbio ni kwa kebo ya Table Mountain. Sawa, iko poa. Lakini mimi nasema anza na Lion's Head. Ni mita 669, hulipi kiingilio, na njia inauzunguka mlima kama gamba la konokono. Kila kona picha mpya: mara Camps Bay na mchanga wake mweupe, mara maghorofa ya mjini, mara bandari. Droni ya nini? Hata haziruhusiwi ndani ya hifadhi.

Shida iko karibu na kilele. Njia inagawanyika: huku minyororo na vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba, kule njia ya kuzunguka. Kwa kikundi chetu dada mmoja aliogopa kimo, jamaa wakaanza kumcheka ati anatuchelewesha. Manze, hiyo tabia siitaki kabisa. Mtu akitetemeka kwa mnyororo, ataangukia nani kama si wewe uliye chini yake unacheka? Nikapita naye njia ya kuzunguka. Tulichelewa dakika chache tu.

Juu kabisa kelele iliisha yenyewe. Upande wa kaskazini unaona Robben Island, kisiwa kidogo, tambarare, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27 yake ya jela. Kwa kitabu cha historia kilikuwa mbali sana. Kumbe kiko hapo tu, na wafungwa waliiona milima hii ng'ambo ya maji.

Yule dada alikaa akikiangalia kutushinda sote. Hakupiga hata selfi.