Jani Likisinyaa, Tazama Mzizi

Miongoni mwa mimea ipambayo nyumba zetu, hakuna inayosingiziwa kama ile yenye majani manene ya kuhifadhi maji. Mshubiri, ambao wengi hapa Uganda huuita kigagi; ule wenye majani marefu yaliyosimama mfano wa panga; dungusi kakati na jamaa zake: yote husemwa kuwa haina haja ya matunzo. Walakini katika nyumba nyingi nilizoingia mjini Jinja na Mbale, kwa kazi au kwa ujirani, nimeiona ikifa upesi kuliko maua yanayodekezwa. Na aghalabu haifi kwa kiu. Hufa kwa kunyweshwa.

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza tujue jinsi mimea hii inavyoishi. Jani lake ni ghala la maji. Vitundu vya kupitishia hewa, ambavyo katika mimea mingi hufunguka mchana, katika hii hufunguka zaidi usiku wakati wa baridi, ili maji yasipotee kwa jua. Kwa hiyo mmea hutumia maji kidogo mno. Tukiujazia maji kila siku, udongo haupati nafasi ya kukauka, hewa hukosekana kati ya chembe zake, mizizi husongwa pumzi, kisha kuvu huingia na kuiozesha. Jani hutoa habari baadaye, madhara yakiwa yamekwisha kutendeka chini.

Anayesafiri kutoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Bugiri hupita Tororo, na huliona kutoka mbali lile jabali kubwa lililosimama juu ya mji. Katika jabali hilo huota mshubiri mdogo ambao makao yake ya asili ni hapo tu. Gilbert Reynolds, mtaalamu wa mishubiri wa Afrika Kusini, aliueleza kitaalamu mwaka 1953 na kuupa jina la Aloe tororoana, kwa heshima ya mahali hapo. Nami nautaja kwa kuwa ni mwalimu mwema. Tororo si jangwa. Mvua hunyesha sana. Hata hivyo mshubiri ule hauozi, kwa sababu maji yaliyoangukia mwamba huteremka na kwenda zake. Basi adui si maji yapitayo, bali ni maji yatuamayo. (Msomaji asiende kuung'oa, mmea wenye makao mamoja tu duniani haufai kuhamishiwa dirishani.)

Somo hilo lilinifaa mwaka niliohamishwa kikazi kutoka Jinja kwenda Mbale. Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha fariki, na nyumba aliyokuwa akiishi huko Walukuba ilikuwa imepata wakaaji wengine. Katika vitu vyake nilichukua mshubiri mmoja na vichipukizi vyake viwili, ule ule aliotukatia utomvu tulipoungua jikoni tukiwa watoto. Nilipokwenda mafunzoni kwa majuma matatu, mtoto wa jirani alijitolea kuutunza, akaunywesha asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja. Niliporudi, majani ya chini yalikuwa manjano na teketeke, ya juu yamekunjamana. Mama jirani, kwa huruma, akasema, "Una kiu huo, mwanangu, uongezee maji."

Nilitia kidole katika udongo, ulikuwa chepechepe. Hapo ndipo penye fumbo linalowapoteza wengi: jani lililokunjamana juu ya udongo mkavu lina kiu, bali jani lililokunjamana juu ya udongo uliolowa halina mizizi ya kuliletea maji. Kuongeza maji ni kuumalizia. Tuliuchomoa mmea mkubwa kutoka katika chungu. Mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawia, inanuka na kukatika kwa kuguswa, ambapo mizizi yenye afya huwa imara na haina harufu ya uozo. Nilikata kwa kisu kikali kilichosafishwa, hata nikafika penye shina lisilo na doa, nikauacha kivulini kwa siku saba hadi kidonda kikakauka. Kisha nikaupanda katika mchanga uliochanganywa na udongo, nisiunyweshe kwa juma zima. Kichipukizi kimoja hakikupona. Lakini mama yao baada ya miezi miwili alitoa jani jipya katikati, na kichipukizi cha pili nilimpa yule mtoto, maana mkono wenye bidii ukifunzwa kipimo ni hazina.

Dalili nyingine za majani si vigumu kuzitambua. Jani moja la chini kabisa likikauka pole pole, hilo ni uzee tu, liondolewe. Mshubiri ukigeuka rangi nyekundu au hudhurungi baada ya kutolewa nje, umeshtushwa na jua kali. Urudishwe penye kivuli chepesi, uzoezwe jua kidogo kidogo. Madoa makavu yaliyopauka upande unaoelekea jua ni majeraha ya kuungua, nayo hayafutiki, ila hayaenei. Majani yakirefuka, yakapauka na kuinamia dirisha, mmea unatafuta mwanga. Na ukiona vitu vyeupe mfano wa pamba katika maungio ya majani, huku sisimizi wakipanda na kushuka, hao ni wadudu wafyonzao utomvu. Sisimizi hufuata utamu wanaoutoa. Uwafute kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo, uurudie kila juma hadi waishe, na mmea huo utengwe na wenzake.

Kinga haina gharama kubwa. Kwanza, chombo kiwe na matundu chini. Kopo la mafuta ya kupikia linafaa kabisa likitobolewa kwa msumari mara tano au sita. Sahani iliyo chini yake imwagwe kila baada ya kunywesha. Pili, udongo uwe nusu kwa nusu na mchanga mnene au kokoto ndogo. Tatu, chombo kisiwe kikubwa kupita mmea, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji. Nne, usinyweshe kwa kufuata kalenda, bali kwa kupima: chomeka kijiti hadi chini, na kikitoka na unyevu, subiri. Ukinywesha, nywesha hadi maji yatoke matunduni, kisha acha udongo ukauke.

Hali ya mahali nayo itazamwe. Jinja hupata misimu miwili ya mvua, na kati yake mmea hupumzika. Mbale iko chini ya Mlima Elgon. Mvua inayoanza Machi mara nyingi huendelea, mara kwa nguvu, mara kwa kupungua, hadi Oktoba au Novemba. Aliyezoea kipimo cha Jinja, akihamia Mbale, hana budi kukipunguza, na makopo yaliyo barazani yasogezwe chini ya paa.

Kwetu, kumpa mtu maji ni ukarimu, na mkono hauridhiki mpaka umetoa. Lakini ukarimu usiouliza hali ya anayepewa huweza kumwangamiza. Kabla ya kuinua kopo la maji, ndugu msomaji, utie kidole chako udongoni, na utoe maji kwa kadiri ya jibu utakalolipata.