Bomba Bovu la Bweni Letu

Muhula huu nimejifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vyangu, nami nimeona niwaandikie wenzangu, walimu na wazazi, ijapokuwa sehemu ya habari hii inanitia haya.

Katika bafu ya bweni letu lipo beseni la kaure la kunawia, na juu yake palikuwa na bomba la shaba la zamani sana. Tangu shule ilipofunguliwa bomba hilo lilidondosha maji usiku na mchana. Jioni moja nilikinga kopo la lita 1, likajaa kwa dakika 24. Nikapiga hesabu: lita 60 kwa siku, lita 1,800 kwa mwezi, na huku wadogo zetu wa Kidato cha I wanakwenda kisimani na ndoo kila tangi linapokauka!

Mpira wa ndani ulikuwa umebadilishwa mara mbili bila ya faida, kwa kuwa kitako cha shaba ambacho mpira hukikalia kilikuwa kimelika. Halikuwapo jingine ila kuling'oa bomba zima. Mwalimu wa bweni alinunua jipya, na kwa kuwa fundi wa shule alikuwa likizoni, mimi kiranja nikajitapa mbele ya wote, "Niachie mimi, Mwalimu."

Siku ya Alhamisi nilifunga koki ya maji, nikajilaza chali chini ya beseni na spana kubwa. Nati inayolishika bomba iko huko chini, penye giza, karibu na ukuta, nayo ilikuwa imeshikana kwa kutu. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Spana iliteleza, vidole vikagonga ukuta, ngozi ikachubuka. Kesho yake tulivuta watu wawili, na beseni likalia kama sahani inayotaka kupasuka. Tukaacha kwa hofu. Bafu ikakaa bila maji, na wenzangu wakaanza kunicheka.

Sasa nifike kwenye lile la haya. Baba yangu ni fundi bomba. Lakini nilipoingia Kidato cha I niliwasikia wenzangu wakitaja kazi za baba zao, huyu daktari, yule mwanasheria, nami nikasema kuwa wangu ni mhandisi. Uongo huo niliubeba mpaka mwaka huu. Na nyumbani, kila baba aliponiita nimshikie spana, nilitoa udhuru wa vitabu.

Jumapili ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Baba alikuja pamoja na mama, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipotaka kunawa mikono nilimweleza kwa nini maji yamefungwa. Akainama, akachungulia, akauliza, "Mwanangu, uliigeuza upande gani?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Ulikuwa unaikaza."

Nati hulegea ikigeuzwa kushoto kwa mtu anayeitazama uso kwa uso. Mimi nililala chini, lakini nilihesabu kama mtu aliyesimama juu.

Baba aliagiza mafuta ya taa, akalowesha kitambaa na kuifunga nati nacho. "Tuyaache yafanye kazi," akasema, tukaenda kula. Baada ya saa mbili aliniamuru nilishike bomba kwa juu lisizunguke likapasua kaure, naye akalala juu ya sakafu chafu kwa shati lake jeupe. Aliikaza nati kidogo sana kwanza, ndipo akailegeza. Akaikaza tena, akailegeza. Alisema kutu huachia kwa kutikiswa. Mara nati ikalia, ikazunguka.

Wavulana walikuwa wamejaa mlangoni, na Mwalimu wa bweni pamoja nao. "Ahsante sana, mzee," akasema. "Sikujua kuwa wahandisi hushika spana wenyewe."

Baba alisimama, shati limejaa kutu. Alinitazama mara moja tu. "Mimi si mhandisi, Mwalimu. Ni fundi bomba." Hakusema zaidi, wala hakunikemea. Afadhali angalinikemea.

Bomba jipya nililifunga mimi, yeye akinielekeza: tepe nyeupe kwenye meno ya paipu, kukaza kwa mkono kwanza, kisha spana kidogo tu. Usiku, wakati wa kuhesabiwa, nilisimama mbele ya bweni nikasema kweli yote. Nilitazamia kicheko. Lakini kijana mmoja wa Kidato cha I aliuliza tu kama baba atakuja tena, maana bomba la jikoni nalo linavuja.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa wa neno moja kwa muda wote huo. Najua gazeti hili litafika nyumbani. Baba, likizo ijayo nitakushikia spana, wala sitatoa udhuru wa vitabu.