Kiwi Nyeusi

Jumanne, 14 Mei 2024

Nimefika. Saa mbili usiku, bodaboda kutoka Nkwenda, matope mpaka magotini. Turubai uani, moto, wanaume wamejifunika makoti. Baba wamemzika jana. Maiti haingojei ndege. Nililijua hilo tangu nikiwa Addis Ababa, na bado nilipoingia uani macho yalimtafuta.

Mama hakulia. Alinishika mikono, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi, akatazama kucha. Weusi wa kiwi, ule usiotoka hata kwa mafuta ya taa. "Mikono ya baba yako hii," akasema. Ndipo mimi nikalia.

Daftari nalificha ndani ya mguu wa suruali, suruali ndani ya begi, begi chini ya kitanda.

Alhamisi, 16 Mei

Kaburi liko migombani, hatua chache toka jikoni. Wamelipangia mawe. Asubuhi nilikwenda peke yangu, nikasema shikamoo baba. Basi. Sikuwa na lingine.

Jioni motoni. Lubisi inazunguka. Mazungumzo yakavuka mto: Uganda, ile sheria yao ya mwaka jana dhidi ya ushoga, na mahakama mwezi uliopita ilivyoiacha isimame. Mmoja akasema wamefanya vizuri. Mwingine akasema hata kwetu ipo, ila hatupigi kelele. Ipo kweli. Kifungu cha 154, miaka 30 isiyopungua, mpaka maisha. Wanaitaja kama wanavyotaja bei ya mbolea. Na ndio hao hao waliombeba baba mabegani. Yule aliyesema wamefanya vizuri alichimba kaburi tangu alfajiri, viganja vyake bado vina malengelenge, nimeviona. Nawapenda watu hawa. Nifanye nini na pendo hili? Niliongeza kuni, nikaongeza tena, mpaka baba mdogo akasema inatosha, unatuunguza.

Jumamosi, 18 Mei

Sanduku la baba. Mama alinionyesha kwa kidevu tu: kaangalie.

Shazia tatu, moja imepinda. Donge la nta. Uzi mweusi. Kisu cha kukatia ngozi kilichonolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani. Vipande vya tairi. Kopo la kiwi nyeusi, limekauka na kupasukapasuka kama bwawa la kiangazi. Na brashi.

Brashi imelika upande mmoja. Baba alitumia mkono wa kushoto. Mimi pia. Brashi yangu ya Chicago imelika upande uleule! Sijawahi kuliwaza hilo mpaka leo, nimeishika hii mkononi.

Kila Jumamosi jioni viatu vya nyumba nzima vilipangwa kizingitini. Toa vumbi kwanza, hata kwenye mishono. Kitambaa kikaze kidoleni, kisiwe na mkunjo. Kiwi kidogo, kidogo zaidi ya unavyodhani. Zungusha. Tone la maji. Pumzi. Usiwe na haraka, ngozi ilikuwa mnyama, inajua ukali wa mkono. Niliyafundishwa hayo nina miaka saba. Huko Chicago, kwenye viti vya kung'arishia buti, nilikuta wanaanza na sabuni ya ngozi. Mengine yote ni yale yale ya hapa Mabira. Walipouliza nimejifunza wapi nilisema kwa baba yangu. Wakanyamaza kwa heshima.

Baba hakuwahi kujua kwamba jina lake linatajwa pale.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Kanisa limejaa, nimesimama nje dirishani na vijana. Baada ya ibada, baba mdogo mbele ya wazee: "Na mke je, mwanangu? Miaka arobaini na tatu." Nikasema mwenzangu yupo, kazi zimembana, anawasalimu.

Mwenzangu. Yupo. Anawasalimu. Wiki nzima naishi ndani ya maneno haya kama mtu aliyejikinga mvua chini ya mgomba. Kiswahili hakiniulizi kama ni yeye wa kiume au wa kike. Kinyambo nacho hakiulizi. Sijasema uongo hata mara moja tangu nifike. Na bado nikilala nasikia uongo kifuani. Sijalitamka jina lake kwa sauti tangu niondoke Chicago. Siku saba.

Hata humu naandika E. tu.

Jumanne, 21 Mei

Dada alikuwa na simu yangu, anatafuta picha za baba. Kidole kikapitiliza.

Picha ya kwanza: mimi kwenye kigoda, kizibao cha ngozi juu ya kifua wazi, mguu wa mtu mzima mapajani kwangu, buti mpaka gotini, brashi hewani.

"Si ulisema unatunza wazee?"

"Natunza wazee. Hii ni ya wikendi."

"Wanalipa?"

"Wanatia chochote kwenye kopo. Tunachangia wagonjwa."

Akacheka kidogo. "Marekani yote hiyo, umekwenda kuwa fundi viatu." Kidole kikasogea tena. Picha ya pili: E. ameinama, mkono wake shingoni kwangu, midomo yake kwenye paji la uso wangu. Hakuna mtu anayeweza kuisoma picha ile vibaya.

Aliiweka simu juu ya mkeka, uso chini. Akakunja kanga yake mara mbili. "Mama asione." Akaondoka, kwake ni ng'ambo ya bonde. Hakusema kwaheri.

Jumatano, 22 Mei

Dada hajaja. Mbwa akibweka natoka.

Leo nimejua kahawa ya upande wa mashariki baba aliiuza butura, ingali maua, ili apate fedha ya hospitali. Na mimi nilimwuliza kwenye simu, baba fedha zinatosha? Akajibu zinatosha mwanangu. Kumbe sote wawili tulikuwa tunafichana kwa upole. Nimemlipa mnunuzi kwa siri kupitia baba mdogo. Mibuni imerudi. Baba hajarudi.

Alhamisi, 23 Mei

Leo wanaanza kule Chicago. Wikendi ya International Mr. Leather, mashindano yetu sisi wavaa ngozi. Hoteli imejaa harufu ya ngozi mpaka kwenye lifti. Kiti changu amekaa mwingine, na ni sawa, kiti si cha mtu.

Mtu akiniuliza ni nini hasa, ningejibuje? Kwamba Chicago ilikuwa na baa ya watu wa ngozi tangu 1958? Kwamba mashindano haya yana umri wa kaka mkubwa, 1979, na sisi wa brashi tulipata ya kwetu 1993? Kwamba mwaka 1984 mtu mweusi, Ron Moore, alisimama jukwaani na kushinda, na 1995 ndugu weusi wa pale pale mjini wakaanzisha klabu yao, Onyx, ili mtu kama mimi akiingia mlangoni asiwe peke yake? Yote kweli. Lakini si hilo.

Ni hivi: mtu mzima anapanda kiti kirefu, ananipa mguu. Kwa dakika ishirini ameuacha mikononi mwangu. Simu mfukoni. Mabega yanashuka. Wengine husinzia, wengine husema wasiyomwambia daktari. Mimi niko chini yeye yuko juu, na hakuna aliyeshushwa. Kabla ya kugusa tunaulizana, na jibu la hapana linaheshimiwa. Nimekwenda nchi ngapi kukuta watu wanaouliza kwanza?

Ijumaa, 24 Mei

Dada bado. Siku ya tatu.

Nimemwota Mzee W. Buti zake za mwaka 1976, nilizifanya mara ya kwanza nikiwa mgeni, naogopa kila kitu. Aliniambia, miaka ile ya themanini tulizika kila wiki, ikafika mahali sina tena mtu wa kumpigia simu usiku. Nikamwambia hata sisi. Akadhani sikuelewa. Nikamweleza: Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walikogunduliwa, 1983. Tulikuwa hatujui jina, tukauita Juliana, jina la vitambaa vya magendo toka Uganda. Baba wakubwa wawili wako pale migombani, nilikuwa mtoto, nilikatazwa kuwagusa. Mzee W. alinitazama kwa muda mrefu. Mguu wake ukatulia kabisa mapajani kwangu. Tangu siku ile ananiita mwanangu, kwa Kiswahili, nilimfundisha mwenyewe.

Ndiye aliyenipeleka mtaa wa Rogers Park, kwenye yale makumbusho ya watu wa ngozi, jengo lililokuwa sinagogi. Vizibao vya marehemu na nembo zao, buti zao. Ngozi iliyoshika umbo la bega la mtu asiyekuwepo. Nilisimama pale nikajikuta nimesimama kwetu, kati ya makaburi na migomba. Nikasema shikamooni.

Jumamosi, 25 Mei

Tumeondoa matanga. Ugali, ndizi, nyama, watu wengi. Nguo za baba zikagawiwa. Koti kwa baba mdogo. Baiskeli kwa mpwa. Nikaulizwa, na wewe wa mbali, unataka nini? Nikasema brashi.

Kicheko. Baba mdogo: "Mtu wa Marekani anataka brashi iliyolika!" Mwingine akasema fundi wa sokoni angeifaidi. Nikaanza kusema haya, basi, acheni.

"Mpeni."

Dada. Alikuwa kwenye mlango wa jiko, sufuria mkononi. Sikujua kama amefika. "Mpeni, ndiyo kazi yake." Hakunitazama. Akarudi jikoni.

Nilikwenda nyuma ya choo nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Jumapili, 26 Mei, usiku

Ujumbe wa E. umeingia mtandao uliposhika kwenye kilima: amekipaka kizibao changu mafuta, kimening'inia mlangoni, asubuhi anapita mbele yake akitoka. Nimeusoma mara tano, nikaufuta. Kuufuta kuliniuma kuliko chochote cha wiki hii.

Silali. Kule sasa ni mchana, jioni watamtangaza mshindi. Hapa itakuwa saa kumi alfajiri.

Jumatatu, 27 Mei

Naandika haraka kabla sijasahau lolote.

Saa kumi nilitoka na kopo jipya la kiwi nililonunua Nkwenda na brashi ya baba. Nikawasha taa ya sola. Nikavikusanya viatu vyote vilivyokuwa kizingitini: vya shule vya wapwa, raba za shemeji, vya baba vya kanisani ambavyo hakuzikwa navyo. Nikaanza. Toa vumbi kwanza. Nilifanya viatu vya baba mwisho, polepole, mpaka nikaona taa ya sola ndani yake, nukta ndogo nyeupe kwenye kila ncha.

Mama akatoka na shuka begani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Akavuta kigoda cha juu, kile cha kukalia akimenya ndizi. Akakaa. Amevaa viatu vyake vya kanisani, vile vya pekee. Akanyoosha mguu.

"Na hivi."

Nikaupokea mguu mapajani. Mwepesi kama wa ndege. Nikamfanyia kama ninavyofanya kule, kiatu kikiwa mguuni, mkono wangu mmoja umeshika kisigino. Hakusema kitu mpaka kiatu cha kwanza kilipokwisha. Kwenye cha pili akaniwekea mkono kichwani.

"Mwenzako. Anakula vizuri?"

"Anakula, mama."

"Anakutunza?"

"Ananitunza."

Jogoo. Brashi. Nilidhani yameisha.

"Anaitwa nani?"

Ningeweza kutaja jina lolote. Majina ya wanawake yalikuja mdomoni yenyewe, yamejipanga. Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu. Nikalitaja jina lake. Ni jina la nabii, lipo kwenye Biblia yake kabatini, hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua ni la mwanamume.

Mkono haukuondoka. Ulitulia tu. Nikahesabu pumzi zake, nne, tano. Akalirudia jina mara moja, taratibu, kwa matamshi ya kwetu, akaongeza irabu mwishoni.

"Mwambie tumemzika mzee vizuri."

Kisha akatazama kiatu. "Hapo kwenye mshono umeacha."

Jumanne, 28 Mei

Basi limechelewa. Dada amenisindikiza mpaka barabarani, amenibebea begi, hakuniruhusu nilibebe. Picha hatujaizungumza. Amenipa kilo mbili za kahawa, amezifunga kwenye gazeti na kamba. "Moja yako," akasema. Ya pili hakusema ya nani.

Siku kama ya leo, 1989, Tony DeBlase aliitoa bendera yetu sisi wa ngozi kule Chicago kwa mara ya kwanza. Milia myeusi na ya samawati, mmoja mweupe katikati, moyo mwekundu pembeni. Miaka 35. Mimi nilikuwa darasa la kwanza au la pili hapa Mabira, nazungusha kitambaa kwenye kiatu cha baba na sijui kwamba kuna mahali pengine popote.

Brashi iko kwenye begi la mkononi. Kucha nyeusi. Sijazisugua.

Basi hilo.